Roketi Isiyo na Pampu: Kwa Nini Chupa Moja Haifiki Obiti

Kila Jumamosi jioni, kwenye kiwanja cha udongo nyuma ya nyumba yangu hapa Musaga, Bujumbura, vijana watano au sita hurusha chupa. Ni chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu. Mdomo wameuziba kwa kipande cha ndala, zile ambazo sisi tunaziita sapatu, na katikati ya kizibo wamepitisha valvu waliyoikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Chupa inasimamishwa kichwa chini juu ya mawe matatu, pampu ya baiskeli inaungwa, mmoja anapiga pampu na wenzake wanahesabu. Kizibo kikishindwa kuvumilia, chupa inaruka juu kupita mabati ya majirani, na maji yanamrudia mpiga pampu usoni.

Wamegundua wenyewe, bila kitabu, kwamba maji yasizidi theluthi ya chupa. Ukiijaza inatapika na kuanguka palepale. Ukiiacha na hewa tupu inapiga mluzi na kuruka kama chura. Wiki chache zilizopita mmoja wao alinifuata akiwa amelowa: “Mzee, tukiomba kompresa ya kwa fundi wa matairi, hii itafika wapi? Inaweza kufika kwenye masetilaiti?” Nikamwambia anipe muda.

Lile swali si la kitoto. Chupa yao ni roketi ya aina ambayo wahandisi wameibishania kwa zaidi ya miaka sitini: haina pampu, kimiminika chake kinasukumwa na hewa iliyobanwa, na inaondoka nzima na kurudi nzima bila kuacha kipande njiani. Tangi, valvu, injini, basi. Wapo waliotumia maisha yao na fedha za watu wengine kutetea wazo kwamba urahisi wa namna hiyo ndio ungeishusha bei ya kwenda angani. Mmoja wao aliweka kambi kilomita zipatazo 500 kusini mwa hapa, ng’ambo ya Tanganyika.

Jibu langu nalitoa mapema, ili msomaji ajue tunakoelekea. Urahisi hauji bure. Kuna mahali unalipiwa. Ukiondoa pampu, utalipa kwenye tangi. Ukiondoa hatua ya pili, yaani roketi ya juu inayoendelea na safari baada ya ile ya chini kuisha na kudondoka, utalipa kwenye kila gramu ya chombo kizima. Deni moja kati ya haya linalipika. Yote mawili kwa pamoja, kwa roketi inayoondoka kwenye Dunia hii, hajayalipa mtu mpaka leo.

Tuanze na pampu, maana ndiyo mzizi wa fitina. Ndani ya chumba cha mwako cha injini kuna shinikizo kubwa, na mafuta hayataingia humo kwa hiari. Ni lazima yasukumwe kwa nguvu inayozidi ile iliyomo ndani. Unaweza kuweka pampu kati ya tangi na injini. Tangi linabaki jepesi, karibu kama debe, na kazi yote ngumu inafanywa na mashine moja ndogo. Ndogo kwa umbo tu. Pampu ya injini ya F-1, ambazo tano ziliiinua Saturn V kwenda mwezini, ilihitaji nguvu za farasi zipatazo 55,000. Upande mmoja wa mashine kama hiyo kuna gesi ya moto inayozungusha magurudumu yake, na upande wa pili kuna oksijeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 183 chini ya sifuri. Vinatenganishwa na vizibo vinavyolinda ekseli inayozunguka. Kizibo kikivuja, hakuna wa kukusimulia. Hapo ndipo inapokwenda miaka ya majaribio na sehemu kubwa ya bajeti.

Njia ya pili anaijua kila aliyewahi kupikia stovu ya kupampu. Unatia mafuta ya taa, unapiga pampu mara kumi, hewa inakaa juu ya mafuta na kuyakandamiza mpaka yanapanda kwenye kinywa cha moto. Hakuna kinachozunguka. Tangi lenyewe ndilo linalofanya kazi ya pampu.

Na njia hii si ya maskini tu. Watu wawili walipokuwa juu ya mwezi tarehe 21 Julai 1969 na hawakuwa na njia nyingine ya kurudi, injini iliyowaondoa haikuwa na pampu. Matangi yalisukumwa na heliamu, na kemikali mbili zilizowaka zenyewe kwa kugusana ziliondoa hata haja ya kiberiti. Sehemu ya juu ya chombo cha Apollo cha kutua mwezini iliondoka kwa hatua moja, ikafika obiti ya mwezi, na ilifanya hivyo mara sita bila kushindwa hata mara moja. Kwa hiyo roketi ya shinikizo, ya hatua moja, inayofika obiti, imewahi kuwepo. Tofauti ni kwamba obiti ya mwezi inadai kasi ya chini ya kilomita 2 kwa sekunde. Ya kwetu, ukijumlisha hasara ya kupambana na uvutano na hewa, inadai kama kilomita 9.2. Kila mzozo nitakaoueleza umo ndani ya pengo hilo.

Sasa twende Shaba. Lutz Kayser alikuwa mhandisi wa Stuttgart. Mwaka 1975 alianzisha kampuni iliyoitwa OTRAG, na mwenyekiti wake akawa Kurt Debus, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kituo cha Kennedy huko Florida wakati wa safari za mwezini. Mwaka 1976 waliafikiana na serikali ya Mobutu wa Zaire wapewe eneo la kilomita za mraba 100,000 kaskazini ya Shaba, iliyojulikana pia kama Katanga, mpaka mwaka 2000. Hilo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya Burundi yote. Kambi ilijengwa juu ya uwanda ulioinuka kando ya mto Luvua, ule unaotoka ziwa Mweru kuelekea Lualaba.

Roketi ya Kayser ingemfanya fundi yeyote wa Musaga atabasamu. Alichukua bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 27, akaunganisha vipande vya mita tatu tatu mpaka likafika urefu alioutaka. Sehemu moja ya bomba iliwekwa mafuta ya jamii ya dizeli na taa, nyingine asidi ya nitriki iliyochanganywa na tetroksidi ya nitrojeni. Theluthi mbili za tangi zilikuwa kimiminika, theluthi moja hewa iliyobanwa kwa bari zipatazo 40. (Gurudumu la gari dogo, kwa kipimo hichohicho cha mafundi, hujazwa bari 2 na ushei.) Kadiri kimiminika kilivyotoka, hewa ilitanuka na shinikizo likashuka mpaka karibu bari 15. Ni mchezo uleule wa chupa ya vijana wetu, isipokuwa mizani ya maji na hewa imegeuzwa. Valvu zilifunguliwa na kufungwa na mota za umeme za aina inayoendesha waipa za kioo cha gari. Injini haikugeuzwa huku na huku ili kuongoza roketi. Upande mmoja ulipunguziwa mafuta tu, roketi ikainama.

Bomba moja lenye injini yake lilikuwa tofali. Ukitaka roketi kubwa, funga mabomba mengi pamoja, kumi, mia, mamia, yale ya nje yaishe kwanza na kudondoka, ya ndani yaendelee. Angalieni hapo: hata Kayser, mtume wa urahisi, hakuthubutu kwenda kwa hatua moja. Aliacha pampu, akashikilia hatua.

Walirusha mara tatu, kila mara mabomba manne. Tarehe 17 Mei 1977 roketi ilipanda kama kilomita 20. Tarehe 20 Mei 1978 ilipanda kama 30. Tarehe 5 Juni mwaka huohuo Mobutu mwenyewe alikuwa amekaa kutazama. Roketi iliondoka vizuri, ikapinda, ikaanguka bondeni. Lakini si anguko lile lililoiua kambi. Shaba ilikuwa imetoka kuvamiwa mara mbili, mwaka 1977 na 1978. Wasovieti walipiga kelele kwamba Wajerumani wanatengeneza makombora ya vita. Majirani wa Zaire wakaingiwa na wasiwasi. Mwaka 1979 Mobutu aliwaambia waondoke. Wakaenda Libya, wakarusha tena mwaka 1981, na jina likawa baya zaidi. Kampuni ilifungwa mwaka 1987 bila kupeleka hata gramu moja kwenye obiti.

Kwa sababu siasa iliiua kabla ya hesabu, wafuasi wa Kayser mpaka leo husema wazo lake halikupata nafasi. Wana haki nusu. Tufanye hesabu ambayo Shaba haikuimaliza.

Karibu na soko letu kuna fundi wa kuchomelea. Asubuhi huutoa nje mtungi wake wa oksijeni kwa kuuinamisha na kuuzungusha juu ya ukingo wa chini, kama mtu anayecheza na pipa, kwa sababu hawezi kuubeba. Mtungi wa aina ile, wa lita 50 kwa bari 150, una oksijeni ya kilo 10 hivi. Chuma chenyewe kinazidi kilo 50. Nilimuuliza kwa nini wasitengeneze mwembamba. Akanitazama kwa huruma: “Mwalimu, ukiufanya mwembamba utatuzika sote.”

Uzito wa chombo cha shinikizo haufuati ukubwa peke yake, wala shinikizo peke yake. Unafuata ukubwa mara shinikizo. Lita 100 kwa bari 20 na lita 10 kwa bari 200 zinadai chuma kilekile, kama ubora wa chuma ni uleule. Kutokana na kanuni hiyo moja yanazaliwa mambo mawili yanayowaumiza wachoraji wa roketi.

La kwanza: ukubwa haukusaidii. Tangi kubwa la shinikizo lina uwiano uleule wa chuma kwa mafuta kama dogo. Chuma cha hali ya juu sana kikibanwa karibu na mwisho wa uwezo wake kinadai kama kilo 30 kwa kila mita ya ujazo kwa shinikizo la bari 20. Oksijeni na mafuta ya taa vinavyoingia humo vina uzito wa karibu tani moja. Yaani asilimia 3 ya uzito imeshakwenda kwenye tangi tupu, kabla hujafunga injini, mabomba, kompyuta wala setilaiti.

La pili ni la kijanja zaidi, na nimeona watu wenye elimu nzuri wakilisahau. Ile gesi ya kusukuma inatoka wapi? Ukiiweka kwenye chupa ya pembeni yenye shinikizo kubwa, bari 300 kwa mfano, chupa inakuwa ndogo lakini nene. Ukubwa mara shinikizo unabaki karibu uleule. Kwa hiyo chupa ya gesi inakaribia uzito wa tangi kuu lenyewe! Umelipa mara mbili. Unaweza kuipasha gesi moto ili itanuke na itoshe ikiwa kidogo. Hapo umerudisha mtambo mwingine na urahisi umepungua. Unaweza kufanya kama Kayser, gesi ikae ndani ya tangi lilelile. Hapo theluthi ya tangi haina mafuta, na shinikizo la mwanzo lazima liwe kubwa ili la mwisho litoshe. Nikipiga hesabu ya mabomba yake kwa chuma hichohicho napata karibu asilimia 9 za chuma na hewa tu. Ongeza injini na vikorokoro vingine, uko asilimia 10 au zaidi.

Basi punguza shinikizo, mtasema. Wengi wamejaribu. Lakini shinikizo la tangi ndilo baba wa shinikizo la injini. Tangi la bari 20 linaacha kama bari 13 ndani ya chumba cha mwako baada ya mafuta kupita kwenye valvu na vitundu vya kupulizia. Injini za pampu za siku hizi zinakwenda mia na kuzidi, na Raptor ya SpaceX imevuka 300. Gesi yenye shinikizo dogo haina nafasi ya kutanuka kwenye ule mdomo wa injini unaofanana na kengele. Ukiupanua mdomo sana, hewa ya nje inaibana gesi pembeni na mwali unaanza kutikisika. Ukiufanya mfupi, gesi inatoka ikiwa bado na nguvu ambayo hukuitumia. Roketi ya hatua mbili inaweza kuwa na mdomo mfupi chini na mpana juu. Ya hatua moja inabeba mdomo mmoja kuanzia ardhini mpaka kwenye utupu, kama mtu aliyevaa koti moja Bujumbura na kileleni mwa Kilimanjaro.

Kuhusu koti, hapa kwetu tuna nafuu kidogo. Hewa ya Bujumbura, karibu mita 780 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 8 hivi. Juu ya mlima Heha, mita 2,670, shinikizo la hewa limepungua zaidi ya robo. Injini ya shinikizo dogo ingeshukuru kuondokea huko kuliko injini ya aina nyingine yoyote. Zaidi ya hapo, tuko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, na mzunguko wa Dunia unatupa karibu mita 464 kwa sekunde za bure kuelekea mashariki. Sitaki kuikuza nafuu hii. Ni kama kupewa lifti mpaka Ngagara wakati safari ni ya Gitega.

Mwaka 1903 mwalimu wa shule wa Kirusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapisha kanuni ambayo hakuna aliyeikwepa tangu hapo. Roketi huongeza kasi kulingana na vitu viwili: kasi ya gesi inayotoka nyuma, na uwiano wa uzito wa mwanzo kwa uzito wa mwisho. Cha kutisha ni kwamba uwiano huo haupandi kwa kujumlisha, unapanda kwa kuzidisha. Tuseme injini yetu isiyo na pampu inatoa gesi kwa wastani wa kilomita 2.8 kwa sekunde kwa safari nzima, na sijainyima. Kufikisha kilomita 9.2, roketi inayoondoka na uzito wa kilo 100 lazima ifike juu ikiwa na kilo 3.7. Ndani ya hizo 3.7 kuna tangi, chupa ya gesi, injini, mabomba, nyaya, kompyuta, na kama kuna kilichobaki, setilaiti.

Linganisheni na tulichokwisha kukihesabu. Tangi la chuma: 3. Chupa ya gesi: karibu 3 nyingine. Tumeshavuka. Bomba la Kayser lenye asilimia 10, likirushwa peke yake bila mzigo wowote, linaishia kwenye kilomita 6.4 kwa sekunde na kurudi chini.

Nyuzi za kaboni zimebadilisha hesabu, na ni haki kulisema hilo. Tangi lililosukwa kwa kaboni linaweza kuwa jepesi mara tatu au nne kuliko la chuma kwa shinikizo lilelile. Weka asilimia 1 kwa tangi, 1 kwa chupa ya gesi, kitu kidogo kwa heliamu, 2 kwa injini zenye nguvu za kuinua mzigo wote kutoka ardhini. Jumla inagusa 4 na inazidi kidogo. Ruhusa yetu ilikuwa 3.7. Kwa hiyo hata ukinunua nyuzi za bei mbaya, umetengeneza chombo kinachokaribia kujibeba chenyewe, hakina nafasi hata ya simu ya mkononi. Na hapo umeshaacha sababu ya kwanza ya kuchagua shinikizo, yaani bomba la bei rahisi ambalo karakana yoyote inaweza kulichomelea.

Upande wa pili, mwenye kutaka hatua moja kwa pampu anakaribia zaidi. Atlas ya Marekani, iliyofika obiti tarehe 18 Desemba 1958, ilikuwa na tangi la chuma kisichoshika kutu lililokuwa jembamba kiasi kwamba bila kujazwa gesi lingejikunja lenyewe. Ilidondosha injini mbili njiani na kuendelea na tangi lilelile. Hatua moja na nusu, waliita. Baada yake yalikuja majaribio ya hatua moja kamili, na mashuhuri zaidi, X-33 ya NASA, lilifutwa mwaka 2001 baada ya tangi lake la haidrojeni kupasuka kwenye majaribio ya Novemba 1999. Hakuna roketi ya hatua moja iliyowahi kufika obiti ya Dunia, iwe na pampu au isiwe nayo.

Sasa gawanyeni safari. Ukiwa na hatua mbili, kila moja ikibeba nusu ya kilomita 9.2, kila hatua inaruhusiwa kumaliza kazi yake ikiwa na asilimia 19 ya uzito iliyoanza nao, mzigo ukiwemo. Kumi na tisa! Tangi la chuma linaingia, chupa ya gesi inaingia, injini nzito inaingia, na inabaki nafasi ya kitu cha kupeleka juu. Hii ndiyo sababu Kayser alishikilia hatua. Na kuna ushahidi wa kutoka bara letu hilihili. Tarehe 26 Novemba 1965 Ufaransa ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Astérix, ya kilo 40 hivi, kutoka Hammaguir katika jangwa la Algeria. Hatua ya chini ya roketi ile, Diamant, ilichoma tapentaini na asidi ya nitriki bila pampu, ikisukumwa na gesi iliyozalishwa humohumo. Hatua mbili za juu zilikuwa za baruti ngumu. Hatua tatu, hakuna pampu hata moja, na setilaiti ikafika.

Mabaharia wa Ngomeni, karibu na Malindi, waliuona mtindo kama huo kwa macho. Jukwaa la Waitaliano la San Marco lilirusha roketi za Scout, hatua nne za baruti ngumu, moja juu ya nyingine. Baruti ngumu nayo haina pampu. Ganda lake lote ni chombo cha shinikizo. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilipaa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya miale ya eksirei ya angani, na kwa sababu ya siku hiyo ikaitwa Uhuru.

Hapa lazima nitetee kidogo wapenzi wa hatua moja, maana wana hoja ambayo watu wa pwani hawaihisi. Nchi yetu haina bahari. Roketi ikiondoka Musaga kuelekea mashariki, hatua yake ya kwanza itaangukia Burundi au Tanzania, juu ya mihogo ya mtu au juu ya mtu mwenyewe. Wachina wanaorushia roketi Xichang, mbali na bahari, wanalijua vizuri jambo hili: vipande huanguka karibu na vijiji, na picha zake husambaa. Luigi Broglio, Mwitaliano aliyeanzisha San Marco, alilikwepa kwa kwenda juu ya maji ya Bahari ya Hindi. Kayser alilikwepa kwa kukodi eneo kubwa lenye watu wachache. Roketi ya hatua moja haidondoshi kitu, na kwa nchi isiyo na pwani hiyo si anasa, ndiyo ruhusa yenyewe ya kurusha. Bahati mbaya ni kwamba hoja hiyo inasimama siku roketi inapofanya kazi tu. Siku ya 5 Juni 1978 bonde la Luvua lilipokea roketi nzima.

Hoja nzito zaidi ya watetezi wa shinikizo ni ya fedha. Wanasema: mnapima kilo, pimeni pesa. Chuma ni rahisi, pampu ni ghali. Acha roketi iwe kubwa na nzito ilimradi iwe ya bei ya meli. Mwamerika Robert Truax aliichora hoja hiyo mwaka 1962 kwa ukubwa wa kuogofya: Sea Dragon, mita 150 kwa urefu na 23 kwa upana, ijengwe kwenye karakana ya meli, iburutwe baharini, irushwe ikielea, ipeleke juu tani 550. Haikuwa na pampu. Ilikuwa na hatua mbili, kumbukeni. Haikujengwa. Kampuni ya Beal ya Texas ilijaribu roketi kubwa ya shinikizo kwa fedha za mwenyewe na kufunga mwaka 2000. Kampuni ya Firefly ilianza na mchoro wa shinikizo, ikaishiwa fedha, ikafufuka na pampu.

Kwa nini wote wanarudi kwenye pampu? Nadhani ni kwa sababu uzito una tabia ya kuzaa. Tangi zito linadai injini kubwa, injini kubwa inadai valvu kubwa, roketi kubwa inadai kreni, barabara, mafuta mengi zaidi na eneo kubwa la usalama. Urahisi wa mashine unageuka ugumu wa kila kitu kinachoizunguka. Halafu tangu tarehe 21 Desemba 2015, hatua ya kwanza ya Falcon 9 ilipotua ikiwa nzima, bei ya pampu ikawa inagawanywa kwa safari nyingi badala ya moja. Na kampuni ya Rocket Lab imeonyesha njia ya katikati ambayo Kayser hakuwa nayo: pampu inayozungushwa na mota ya umeme na betri, bila gesi ya moto, iliyofika obiti kwa mara ya kwanza Januari 2018. Betri ni nzito, ndiyo. Ila si nzito kama tangi.

Shinikizo lina nyumba yake, na ni huko juu. Hewa ya nje haipo, mdomo wa injini unaweza kupanuliwa, tangi ni dogo, na kinachotakiwa ni injini iwake bila hitilafu. Falcon 1, roketi ya kwanza ya SpaceX kufika obiti, tarehe 28 Septemba 2008, ilikuwa na pampu chini na shinikizo juu. Mgawanyo huo naukubali kwa asilimia zote. Anayeanza leo, awe Nairobi, Kigali au Bujumbura, na akaniambia anataka roketi ya shinikizo ya hatua moja kwenda obiti, ningemwomba kwanza ainunulie karakana yake mizani.

Yule kijana nilimpelekea mizani pia, ya jikoni. Chupa tupu na kizibo chake haikuzidi gramu 50. Nusu lita ya maji ni gramu 500. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzito ni kimiminika, uwiano ambao mabomba ya Kayser yaliukaribia tu. Kasoro yao ni kasi ya maji yanayotoka: kwa bari 4, mita 28 kwa sekunde, wakati gesi ya roketi inatoka kwa 2,800. Kompresa ya fundi wa matairi ingeongeza kidogo, kisha ingepasua chupa. Nilimchorea kwenye mchanga chupa juu ya chupa.

Waliitengeneza siku hiyohiyo kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mpaka Jumamosi iliyopita walikuwa wameirusha mara saba, na mara zote saba chupa ya juu imeanguka ikiwa bado imefungwa kwenye ile ya chini.